Bukta za Mzaramo wa Igalula

Mwenyezi Mungu alipogawa macho, kila mtu alipewa mawili, na Awadhi alipewa mawili kama wenzake. Tofauti ni kwamba ya wenzake yalitazama njia, ya Awadhi yalitazama mifuko.

Asubuhi hiyo alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha kahawa pale Gongoni, mjini Tabora, akiwatazama wenye baiskeli. Akamwona muuza maziwa akishuka na kupiga hatua za kwanza huku ametanua miguu kama mwari aliyetoka jandoni. Akamwona kijana aliyefunga mguu wa suruali kwa kipande cha mpira wa tairi ili mnyororo usiutafune. Akamwona mzee wa heshima aliyekunja kanzu yake na kuibana mapajani, kandambili moja imemponyoka na kubaki nyuma barabarani, naye hawezi kusimama kwa kuwa breki hazipo. Mji mzima ulikuwa unaendesha baiskeli, na mji mzima ulikuwa unaumia.

Awadhi akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeitikia amina.

Chumbani kwake gesti kulikuwa na belo la mtumba. Alilinunua Dar es Salaam bila kulifungua, kama ilivyo desturi ya biashara hiyo, baada ya kuuza kitanda, redio na simu. Aliomba Mungu ampe jinzi. Alipolifungua akakuta bukta nyeusi za kubana, zenye sponji nene pale mtu anapokalia, na viatu vigumu vyenye kipande cha chuma chini ya unyayo. Yalikuwa mavazi ya wazungu wa mashindano ya baiskeli. Hakuna mtu Dar aliyeyataka, hata wale wanaotaka kila kitu. Belo hilo, pamoja na baiskeli ya gia iliyokuwa imeegemea ukuta, ndiyo iliyokuwa mali yake yote hapa duniani.

Na alikuwa amejiapiza. Kwao ni Igalula, kituo kidogo cha reli upande wa mashariki. Mara mbili alikwisha kupita hapo akiwa amejikunja chini ya dirisha la treni, kaka zake wasimwone alivyo mtupu. Safari hii alitaka kushuka kama wanaume wengine, baiskeli mkononi na begi lililoshiba.

Muuza kahawa akamuuliza, "Mgeni, wewe mtu wa wapi?"

Awadhi alijua kwamba mtu wa Igalula hawezi kumuuzia mtu wa Tabora hata maji jehanamu. Anajulikana mno. Akajibu bila kupepesa, "Mzaramo. Wa Kisarawe."

Kibaraza kizima kikacheka kwa furaha. Mzee Saidi, mfanyabiashara wa asali, mwenye tumbo la kutosha na mifuko ya kutosha zaidi, akampigia kofi begani. "Mzaramo? Huku mmekuja kuiba nini tena, na pwani yote mmekwisha kuimaliza?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwizi. Hiyo kahawa usilipe, tutaidai kwenye msiba wako."

Ndivyo utani ulivyo. Tangu Wanyamwezi waliposhuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakapokewa na Wazaramo kwa matusi na ubwabwa, watu hawa wawili hutukanana bila kugombana na hunyang'anyana bila kushtakiana. Awadhi, aliyekuwa Mnyamwezi kwa baba na kwa mama, aliijua mila hiyo nzima. Ila tamaa humsahaulisha mtu hata jina la babu yake. Siku ile alikumbuka kahawa ya bure tu.

Kesho yake akatokea kibarazani amevaa bukta na viatu. Kila hatua ililia kwenye sakafu, ko, ko, ko, kama mbuzi juu ya bati.

"Mtani," Mzee Saidi akasema, "umevaa nini?"

"Sare."

"Sare ya nini?"

"Unisamehe, mzee wangu. Sijaruhusiwa kusema."

Hakuna asali ya Tabora iliyo tamu kuliko maneno hayo kwa mtu mwenye tamaa. Mzee Saidi akaagiza kahawa nyingine, akaagiza kashata, akasogeza kigoda. Kabla ya adhuhuri Awadhi alikuwa amejiruhusu mwenyewe. Akaeleza kwa sauti ya chini, akiangalia huku na huku, kwamba kuna kampuni inaleta wageni kutoka Ulaya. Wageni hao wataifuata kwa baiskeli njia ya kale ya misafara, kutoka Tabora hadi Ujiji. Wanatafuta wenyeji wa kuwaongoza. Malipo ni kwa fedha ya kwao.

"Mimi naijua njia hiyo kama kiganja changu," akasema Mzee Saidi, ambaye hakuwahi kufika hata Urambo bila kulala njiani.

"Sina shaka. Lakini wageni hawampandishi mtu barabarani kwa kanzu na kandambili. Lazima awe na sare. Sponji inalinda makalio, chuma kinavuta nguvu ya mguu mpaka kwenye gurudumu."

"Sare hizo zinauzwa wapi?"

"Haziuzwi."

"Hata kwa mtani?"

"Zimebaki chache, na hizo ni za watu wa Kigoma."

Mzee Saidi akaumia moyoni kwa ajili ya kabila lake. "Watu wa Kigoma wanajua nini kuhusu njia za Unyamwezi?"

Jioni ilipofika, sare za watu wa Kigoma zilikuwa zimepata wenyewe. Mzee Saidi alichukua yake, akachukua na za kuwalangua majirani. Masolwa, muuza maziwa, alichukua moja kwa mikono miwili kama mtu anayepokea sadaka. Wengine walikuja kwa kunong'ona, kila mmoja akiomba jirani yake asiambiwe.

Nyumbani kwa Mzee Saidi habari ilipokewa kwa namna nyingine. Mkewe, Bi Swaumu, alimkuta mlangoni anajiandaa kwenda mazoezini.

"Baba Najiat, umesahau suruali."

"Hii ndiyo suruali."

"Hiyo ndiyo inayovaliwa ndani ya suruali. Watoto wako wameingia chumbani kwa aibu."

"Ni vazi la kimataifa, mama."

"Basi livae huko kimataifa. Gongoni hapa, shusha kanzu."

Akashusha kanzu. Akapanda baiskeli. Chuma kilichotakiwa kuvuta nguvu kikateleza kwenye kanyagio, mnyororo ukaikamata kanzu, na Mzee Saidi akaingia kwa heshima zote ndani ya sinia la dagaa la mama mmoja aliyekuwa amekaa zake kwa amani. Awadhi akamwinua na kumpangusa. "Usivunjike moyo, mzee. Ni kama dawa ya malaria, mwili huikataa kwanza."

Mtu mwingine angerudisha bidhaa. Lakini aliyekwisha kulipa kwa siri hudai kwa siri pia, na Mzee Saidi hakutaka majirani aliowalangua wajue kwamba bidhaa inaangusha.

Ilibaki kazi moja, nembo. Awadhi alitaka kila bukta ishonwe kitambaa cha njano chenye maneno "Mwongoza Msafara", wateja watulie mpaka treni iondoke. Akaenda kwa Minza, fundi cherehani mwenye kibaraza chake hapo mtaani. Minza alikuwa Mnyamwezi wa Itetemia, na kila siku alikuja kazini na kurudi kwao kwa baiskeli, amevaa raba za soli bapa na suruali pana juu, nyembamba chini, aliyojishonea mwenyewe, na kanga kiunoni kwa ajili ya macho ya watu.

Akaigeuza bukta mkononi, akaibonyeza sponji. "Hii ni nzuri kwa kukalia. Lakini mtani, nani ataingia nayo sokoni kununua nyanya?"

"Ni ya njia ndefu, dada."

"Na mwenye njia ya kwenda kazini na kurudi?"

"Naye atazoea."

"Na viatu? Chuma hicho kinashika wapi?"

"Kwenye kanyagio. Tazama."

Awadhi alikuwa fundi wa maneno, na fundi wa maneno hukosea anapoanza kuonyesha. Akapanda baiskeli yake mbele ya kibaraza, akakanyaga kwa madaha. Kiatu kikateleza, kanyagio likazunguka na kumpiga muundi kwa nguvu zake zote.

"Mayo wane," akalia Awadhi.

Mguu wa Minza ukasimama juu ya cherehani. Mtu akiumia humwita mama yake kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo, na huyu Mzaramo wa Kisarawe alikuwa amemwita mama yake kwa Kinyamwezi safi, tena cha upande wa Igalula.

"Pole, mtani," akasema Minza. Cherehani ikaendelea kulia.

Siku ya kuondoka, Awadhi alikuwa na tiketi kwenye mfuko wa shati. Begi lenye mavuno yote alilifunga kwenye keria kwa kamba za mpira. Angeweza kupita uchochoroni. Lakini tapeli mzuri huaga, kwa sababu anayeaga hatafutwi. Akapita kibarazani kuwaambia wazee kwamba anakwenda kuwapokea wageni, na kwamba kila mtu awe amevaa sare yake saa wanayofika.

Wazee wakamwombea dua ya safari, ndefu na nzuri. Alipofungua macho baada ya amina, Minza alikuwa ameshika usukani wa baiskeli.

"Mtani," akasema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, "umekunywa kahawa ya kwetu, umelala kwetu, na sasa unaondoka bila kuniachia kitu. Baiskeli hii naichukua."

Kibaraza kikalipuka kwa vicheko. Wanawake wa sokoni wakasogea. Hakuna kinachoupendeza mji huo kuliko mtani kunyang'anywa.

"Dada Minza, subiri," akasema Awadhi, akicheka kwa meno tu. "Chukua baiskeli, niachie begi."

"Mwenye kuchukua punda huchukua na mzigo."

"Mzee Saidi, nisaidie."

"Nikusaidie nini, mwanangu?" Mzee Saidi alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Mila ni mila. Shukuru hajachukua na shati. Baba yangu alichukuliwa mbuzi na Mzaramo siku ya harusi yake, akapiga makofi."

Minza akainua mkono, watu wakanyamaza.

"Sitaki kumwonea mgeni. Mtani akinyang'anywa hutukana. Haya, Mzaramo, nitukane kwa Kizaramo. Tusi moja tu, nami nakuachia baiskeli na begi."

Watu wakasogea karibu wasikie. Awadhi akafungua kinywa. Alijua kutukana kwa Kiswahili vizuri sana, na kwa Kinyamwezi vizuri zaidi. Kwa Kizaramo hakuwa na hata salamu. Alimwomba Mungu tusi moja, na pengine hiyo ndiyo sababu halikuja.

Minza akainama kama anayekagua mnyororo, akasema polepole kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya kumfikia yeye peke yake. Alimwambia kwamba njia zipo mbili. Akiwa Mzaramo, baiskeli imekwenda na hakuna kesi. Akiwa mtoto wa Igalula, aseme hapa mbele ya watu wote, kisha awaeleze wageni wa Ulaya wako wapi. Na watu hawa, Mungu awasamehe, wakimgundua mwizi hawangoji polisi.

"Tiketi yako ni yako," akamalizia. "Nenda."

Awadhi akaitazama baiskeli. Akalitazama begi, lilivyoshiba na lilivyotulia. Kisha akapiga makofi mawili.

"Chukua, mtani," akasema. "Imechukuliwa."

Wakamshangilia mpaka akapotea kwenye njia ya stesheni, akitembea. Mzee Saidi aliapa kwamba hajawahi kuona Mzaramo mwenye adabu kama yule.

Minza alisubiri mpaka honi ya treni iliposikika, ndipo akawaeleza watu ukweli, akafungua begi na kumrudishia kila mtu chake. Mzee Saidi alipokea cha kwake akasema alijua tangu mwanzo. Bi Swaumu alimtazama tu. Bukta hazikutupwa. Minza alizifumua, sponji akazishonea ndani ya suruali za kawaida, zile pana juu na nyembamba chini, mshono ukipitishwa pembeni usimkate mtu akikaa, na Masolwa siku hizi anashuka kwenye baiskeli na kutembea kama binadamu. Viatu Bi Swaumu aliomba apewe. Alivijaza udongo, na pilipili zikamea humo vizuri.

Awadhi hakuyaona hayo. Yeye alikuwa kwenye treni, kiti cha dirishani, muundi bado unamuuma, amebakiwa na kifurushi cha karanga alichonunua stesheni kwa chenji ya mfukoni. Mama mmoja mtu mzima, mwenye vikapu vingi, aliyekuwa anatoka Kigoma kumwona binti yake, alihamia hapo kutoka behewa jingine. Akaketi mbele ya Awadhi, akapanga vikapu, akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu, mbona mnyonge hivyo? Wewe mtu wa wapi?"

Awadhi akafikiri. Uongo ulikuwa umemgharimu baiskeli. Akaona ajaribu ukweli, angalau hauna gharama.

"Mnyamwezi, mama. Wa Igalula."

"Mnyamwezi kabisa? Baba na mama?"

"Baba na mama."

"Alhamdulillahi," akasema yule mama, na uso wake wote ukachangamka. "Mimi Mzaramo wa Maneromango. Haya, toka hapo dirishani."

Awadhi akatoka. Mama akahamia, akanyoosha miguu, akavuta pumzi ya upepo.

"Na hicho kilicho mkononi mwako ni nini?"

"Karanga zangu, mama."

"Zilikuwa," akasema yule mama, na kunyoosha mkono.