Siku Bi Tatu Alipodai Sumuni Yake

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishtua mimi. Nimelala chini ya lori Chalinze, lori likaondoka, mimi nikaendelea na usingizi. Nimetapeliwa saruji nikamfuata tapeli mpaka Ubena, akanirudishia mzigo na nauli juu. Nilidhani yangu yote nimeshayaona.

Basi leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe, na kanzu nilikuwa nimevaa.

Naandika nikiwa chumbani, nimejifungia. Nje pilau linaendelea kuliwa na bado wanacheka. Nawasikia.

Kwa wasionijua (sijui mmeishi wapi), mimi ndiye Marumaru. Duka la marumaru na saruji hapa Bagamoyo, lile lenye bango jekundu, ni langu. Jina nililipata ujanani Chalinze, nikishusha maboksi ya marumaru kwenye malori. Mawili kichwani kwa mpigo, na sikuwahi kuvunja hata kipande. Watu wakaanza kuniita hivyo, nami nikaona limenikaa kuliko shati. Shule niliishia darasa la nne. Jina hilo ndilo lililonisomesha.

Leo binti yangu wa kwanza, Zuhura, alikuwa anaolewa. Alfajiri nikaendesha gari mwenyewe hadi Kiwangwa kumchukua Bi Tatu, jirani wa marehemu mama yangu. Yeye Mzigua, sisi Wakwere, kwa hiyo ni mtani wetu. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu aone ghorofa langu. (Kujisifu kidogo si dhambi.)

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Gari la nani hili?"

"Langu."

"Umeazima?"

"Langu, Bi Tatu!"

"Haya. Mananasi yangu usiyaweke juani."

Njia nzima nikamwonyesha viwanja vyangu. Yeye akasinzia.

Baada ya swala ya adhuhuri tukakaa kwenye mikeka barazani. Wanaume nje, wanawake ndani nyuma ya pazia. Baba wa bwana harusi, mwalimu mstaafu, mtu wa kunyoosha kanzu kila dakika, alikuwa mbele yangu. Huyu ndiye niliyekuwa nikimhofia. Anasema Kiswahili kilichopigwa pasi, na tangu posa nimekuwa nikijitahidi asijue kwamba mkwewe alikimbia umande. Sheikh akafungua kitabu.

"Jina la bibi harusi?"

"Zuhura Marumaru!" Nikalisema kwa sauti, mpaka walio barabarani wasikie.

Sheikh akanitazama juu ya miwani. "Marumaru ni jina ulilopewa na wazazi?"

"Nimepewa na kazi, sheikh."

"Nataka la wazazi."

"Sheikh, wewe andika Marumaru. Hata bango la duka limeandikwa hivyo."

"Mimi siozeshi duka, bwana."

Watu wakacheka kidogo. Nami nikacheka, lile cheko la mtu anayetafuta mlango ulipo. Maana jina la wazazi lipo. Ila tangu nitoke Kiwangwa nikiwa kijana sijamwambia mtu. Siku ya ndoa yangu mwenyewe nilimwambia sheikh wa wakati ule naitwa Ramadhani. (Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, ndilo lililonijia.) Nikafungua mdomo nilirudie hilohilo.

Pazia likatikisika.

"Anaitwa Jalala!"

Bi Tatu huyo, katoka na khanga zake mbili, anapita katikati ya wanaume kama anakwenda kisimani.

"Bi Tatu," nikamnong'oneza, "tafadhali..."

"Jalala, kaa chini!"

Nikakaa. Na hapa ndipo ninapostaajabu mpaka sasa. Miaka thelathini na tano hakuna mtu aliyeniita hivyo, na miguu ikatii bila kuniuliza. Mimi ambaye afisa wa kodi akiniita Marumaru namwambia asubiri!

Nyuma ya pazia nikasikia sauti ya mke wangu, polepole: "Ramadhani je?"

Kuna maswali ya leo na kuna maswali ya baada ya wageni kuondoka.

Mwalimu akaacha kunyoosha kanzu. "Samahani, mama," akasema, "Jalala, lile la takataka?"

"Lilelile," Bi Tatu akamjibu, akajikalisha kwenye mkeka wa sheikh, kitako. "Huyu nilimwokota mimi."

Nilitamani mkeka ufunguke unimeze. Utotoni nilijua jina lina aibu, shuleni walikuwa wakinitupia maganda ya mihogo, "Jalala, pokea!" Ndiyo maana niliacha darasa la nne. Watu nawaambia nilikosa ada. Haikuwa ada. Lakini habari ya kuokotwa sikuwahi kuisikia. Mama hakunieleza, na mimi sikuuliza, kwa kuwa nilidhani najua jibu: hawakunitaka.

"Kabla yake walikufa watatu," Bi Tatu akasema. "Watatu, mmoja baada ya mwingine. Huyu alipozaliwa, mama yake hakumtazama hata usoni, aliogopa kumzoea. Wazee wakasema atupwe, ili kifo kikija kikute nyumba haina mtoto. Tukamlaza kwenye ungo mbovu, tukamweka jalalani juu ya maganda. Mimi nikapita kama mpita njia. Nikapiga kelele: jamani, nani katupa takataka nzuri namna hii? Nikaichukua. Akalala kwangu."

"Kisha?" Mwalimu alikuwa amesogea mpaka goti lake linagusa langu. Huo uso haukuwa wa dharau. Ulikuwa wa mtu anayesikiliza hadithi.

"Kesho yake mama yake akaja kununua. Tukapatana sumuni."

Senti hamsini! Mimi! Mwenye ghorofa!

"Basi akalipa," nikasema upesi, tuendelee na ndoa.

"Hakulipa. Alisema atanipa akiuza mihogo. Mihogo ikaliwa na nguruwe pori."

"Na ukamsubiri? Miaka hamsini na mbili?"

"Mimi si mtu wa kudaidai." Akamgeukia sheikh. "Mtoto hajakombolewa. Ni wangu. Kwa hiyo huyo Zuhura ni mjukuu wangu, na kilemba cha baba mnipe mimi."

Barazani kukalipuka. Kofia ya mwalimu ikaanguka kwa kicheko, na yeye mwenyewe nusura aifuate. Sheikh akajifuta macho. "Kwa sheria baba ni baba, huyu bibi hana haki yoyote," akasema. "Lakini amekalia kitabu changu. Malizaneni nyinyi."

Kweli, alikuwa amekikalia.

Nikatoa noti ya elfu kumi. Akaitazama kama ganda la nazi.

"Sikukuokota kwa elfu kumi. Nataka sumuni yangu."

"Bi Tatu, sumuni siku hizi haipo!"

"Mimi je, sipo?"

Nikampa elfu hamsini. Akazikunja vizuri, akanirudishia mfukoni mwa kanzu. "Nikipokea hizi nitakuwa nimefanya biashara ya mtoto. Leta sumuni, umwoze binti yako."

Zuhura alikuwa ndani na hina yake, bwana harusi anatoka jasho, na saa inakwenda. Wazee wakapekua mifuko. Hakuna. Ndipo shemeji yangu akakumbuka wale wauzaji wa vinyago hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, wanaowauzia watalii sarafu za zamani.

Nikapanda bodaboda na joho langu la sherehe juu ya kanzu. Nyuma yangu bodaboda tatu za wageni waliosema wanakuja kunisindikiza. (Walikuja kuangalia.)

Muuzaji akanionyesha kibakuli. Ya Mjerumani ipo, ya Mwingereza ipo. Chini kabisa, sumuni yetu, yenye sungura.

"Bei gani?"

"Ishirini na tano elfu."

"Ya senti hamsini?"

Akanitazama joho, akawatazama wenye kanzu waliojipanga nyuma yangu wakihema. "Bwana, naona una haraka. Thelathini."

"Unajua mimi ni nani? Mimi ndiye Marumaru!"

"Aaa, mwenye duka!" Akatabasamu. "Thelathini na tano."

Mara ya kwanza maishani jina lile likanipandishia bei. Nikalipa.

Niliporudi Bi Tatu akaipokea sarafu kwa mikono miwili. Akaigeuza, akamwangalia sungura. Sikutegemea atalia. Alilia kidogo tu, kama anayefuta vumbi, kisha akaondoka juu ya kitabu.

"Nimekuuza," akasema. "Nenda kwa mama yako."

Mama yangu yuko makaburini Kiwangwa. Nikajikuta natazama upande wa barabara ya Kiwangwa, mtu mzima na joho. Mtu asiyetakiwa huwezi kumfanyia hila yote hiyo ili abaki hai. Mbona hili sikulifikiria siku zote? Na yule aliyebeba maboksi mawili bila kuvunja alikuwa nani, Marumaru au Jalala? Sijui bado. Mwenye jibu aniandikie.

"Baba," Zuhura akaita kutoka nyuma ya pazia, "kwa hiyo mimi ni Zuhura Jalala?"

Baraza zima likaningoja.

"Ndiyo, mwanangu."

"Mwambie sheikh aandike hivyohivyo. Marumaru abaki dukani."

Sheikh akaandika. Nikaozesha, na mwalimu akanikumbatia akiniita "mkwe Jalala" mbele ya kadamnasi. Vijana wa dukani wameshaanza kuniita Bosi Jalala, na ajabu, nageuka.

Chekeni taratibu basi. Na kwa anayetaka kujua bei ya mwanaume wa Kiwangwa aliyetumika miaka hamsini na mbili: sarafu thelathini na tano elfu, bodaboda kwenda na kurudi elfu mbili. Jumla nimejinunua kwa shilingi elfu thelathini na saba.