Khitma ya Fundi Boga

Jumatatu, 4 Agosti

Mama yake Zuleikha, Bi Dhahabu, ametoa neno leo. Bintiye haolewi juu ya kitanda cha barabarani! Bwana harusi ndiye mwenye kuleta kitanda, na kitanda chenyewe kiwe samadari ya mvule ya Fundi Boga wa Jomvu Kuu, kama ile aliyoolewa nayo yeye. La sivyo, mimi Mbwana nirudi kwetu Kisauni nikatafute mke wa kulala mkekani.

Astaghfirullah! Boga alikuwa fundi Bi Dhahabu akiwa mwari. Leo si mchanga mtupu? Kwenda Jomvu Kuu kuulizia maiti ni kupoteza siku. Lakini nampenda Zuleikha, jamani. Itabidi nitumie akili.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempata Wafula, seremala wa kando ya barabara, Kongowea. Ana kitanda cha mkaratusi, kinalia ukikitazama tu. Nimekipaka chai ya rangi iliyokolea, juu yake rangi ya viatu, kisha nikachoma jina la Boga kwa msumari wa moto. Wafula akasema hiyo ni noma. Nikamwambia atulie. Nilipokitazama kwa mbali, hata mimi nilikaribia kuamini.

Jumatano, 6 Agosti

Kitanda kimefika Frere Town, kwa kina Zuleikha. Bi Dhahabu akakizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe, akauliza nimekipata wapi. Nikasema ndicho cha mwisho, Fundi Boga alinikabidhi mwenyewe kisha akafa.

Ningeishia hapo! Lakini mimi ulimi ukishaanza haushikiki. Nikasema alifariki mwezi jana, mimi nikiwa ubavuni pake. Bi Dhahabu akalia. Nami, ili nionekane mkwe wa dini, nikasema Ijumaa tumsomee khitma papa hapa, pilau juu yangu. Zuleikha akanitazama kwa jicho la huba. Nimeshinda!

Ijumaa, 8 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Watu walijaa uani baada ya Alasiri. Mzee mmoja mkavu alikaa karibu yangu, akasoma juzuu yake vizuri sana. Pilau ilipokuja akaniuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nikamsifu! Nikaeleza alivyonishika mkono, alivyokata roho akitaja mvule. Mzee akaitikia amin. Nikamwongezea nyama.

Akaomba aione kazi ya marehemu. Nikampeleka chumbani mwenyewe, kifua mbele. Akapitisha kidole kwenye ubao, kidole kikatoka cheusi. Akauliza hiki ni kitanda au ni kiatu.

Hapo akaingia Bi Dhahabu na sinia. Alipomwona, sinia likamponyoka. Akamwamkia shikamoo Mzee Boga, kwa sauti ya mtu aliyeona jini.

Mzee akaeleza kwa upole: kwao Jomvu Kuu ilitangazwa msikitini kwamba leo Boga anasomewa khitma Frere Town, naye akaona si adabu kukosa. Karakana yake haijafungwa hata siku moja.

Uani walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Zuleikha hakucheka. Aliingia ndani, akafunga mlango. Nimeumia sana.

Jumamosi, 9 Agosti

Jomvu Kuu, kichwa chini. Karakana iko nyuma ya msikiti; ningemuuliza mtu yeyote angenionyesha. Randa zinapita, vumbi la mvule limejaa puani, samadari ya mtu wa Lamu inatiwa nakshi. Nikamwomba mzee radhi. Akasema alinisamehe tangu ile nyama. Kitanda atatengeneza, mbao zangu ndizo zile za pembeni, ila bado mbichi. Zikae kivulini mpaka Maulidi yapite. Mvule hauharakishwi.

Zuleikha amepokea simu. Amesema atangoja, na mamake amekubali. Sharti la Zuleikha ni moja: nisifanye lolote. Nikae tu. Nimeapa. Machozi yalinitoka.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekaa Jumapili nzima. Mwili unaniwasha!

Nikafikiri. Mbao mbichi zataka nini? Joto. Joto liko wapi? Kwa Nicanor, mtu wa bara anayeoka mikate huku Kisauni. Nikarudi Jomvu Kuu, na Mzee Boga alipoingia msikitini kuswali Adhuhuri, nikazipakia mkokotenini. Sikuiba. Si zangu? Nitamrudishia zimekauka kau, mzee ashangae, na harusi iwe wiki ijayo.

Nicanor ameniuliza kama nina hakika. Nimemwambia mambo ya mvule aniachie mimi, nimeshafika hadi karakana ya Boga. Tumezipanga tanurini, tumefunga mlango.

Nimempigia Zuleikha atafute mtu wa kumpaka hina. Akauliza nimefanya nini. Nikamwambia asiwe na haraka, ataona mwenyewe.

Moshi umekuwa mwingi kidogo. Nicanor anakimbia na ndoo. Watu wa bara kwa wasiwasi!