Chenga za Kioo kwenye Mpunga wa Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni 2025

Siku ya kumi na tisa bila Natalia. Nimekula ugali na maharage ya jana. Ya juzi, nikiandika ukweli. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Ni vyumba viwili tu vya hapa Shanwe, Mpanda, lakini jioni nikikohoa nasikia kikohozi changu kikienda mpaka uani.

Naandika ili isije ikasemwa kwamba sikutafakari. Mke wangu aliondoka hivi: alinieleza mara mbili kwamba mama yake kule Kasansa anaumwa goti na msimu wa kuvuna umefika. Mara zote mbili nilijibu ndiyo, nikaendelea na redio. Mara ya tatu machozi yakamtoka, nami nikamuuliza chumvi iko wapi. Akafunga begi. Mlangoni akasema hana ugomvi na mimi, ila miaka sita ya kuongea na kisogo inamtosha.

Nimelitafakari neno hilo siku zote hizi. Leo mchana nimepata jibu. Redio ilikuwa ndogo. Redio ya jikoni, ya betri mbili, inakwaruza. Nani asingekereka?

Jibu nimelipata kwa jirani yangu Edgar. Kafunga sabufa kwenye gari lake. Akitokea barabara kuu, mabati yangu yanatetemeka, na mke wake Aneth anatoka kumfungulia geti kabla hajapiga honi. Anatoka anacheka. Kila siku. Mimi nikirudi na kigari changu cha kubebea mizigo ya mnadani, hata kuku hawanyanyui kichwa.

Mpango: sabufa kubwa kuliko ya Edgar. Jumamosi, Kasansa. Nafika, napiga ule wimbo wa kwaya tulioingia nao kanisani siku ya ndoa. Natalia anatoka anacheka. Tunarudi wote.

Jumatano, 4 Juni

Sabufa imefungwa. Imejaa sehemu yote ya nyuma, mizigo ya watu sijui nitaiweka wapi. Si hoja.

Melkior, fundi redio aliyeifunga, anaongea mno. Kasema spika hiyo inasukuma hewa kwa nguvu, na nikifunga vioo vyote hewa itatafuta pa kutokea. Niache dirisha moja wazi, upana wa kiganja. Kasema kioo cha nyuma kina jeraha kwenye pembe, pale liliporukia jiwe la lori mwaka jana, na mpira wake umekauka. Kioo cha namna hiyo hakipasuki ufa, kasema, kinamwagika chote. Nikamuuliza kama yeye ni fundi redio au fundi vioo. Akaendelea kukusanya nyaya zake.

Jaribio la kwanza, hapa uani: kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kimedondoka. Kioo cha dereva kimezama chenyewe ndani ya mlango, mpaka nikakivuta kwa mikono. Mambo madogo. Nguvu ndiyo hiyo.

Edgar kaja kuchungulia. Kasema kwa upole kwamba ni nzuri, ila yeye hupiga vioo vikiwa wazi. Wivu.

Nilipozima, kimya kilikuwa kibaya kuliko cha jana. Nikawasha tena.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika nikiwa Kasansa, nimekaa juu ya gunia, ghalani kwa mama mkwe. Nitaeleza kwa utaratibu.

Nimetoka Mpanda asubuhi. Mpaka Sitalike niliacha dirisha wazi upana wa kiganja. Melkior asiseme sikumsikiliza. Lakini ukitoka Sitalike ni hifadhini, na hifadhini kuna mbung'o. Mtu yeyote wa Katavi anajua: unafunga vioo vyote hata kama unaiva. Nikafunga. Nikaiva. Mbung'o mmoja alikuwa ameshaingia, nikasafiri naye mpaka Kibaoni. Kaniuma shingo mara tatu. Nakiri kwamba nilimwongelesha. Nilimweleza habari za Natalia.

Nikafika saa saba, jua la utosi. Vioo sikufungua, nilishasahau kwamba vimefungwa. Nikaingia uani kinyumenyume, ili sabufa iwaelekee wenyeji. Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai matatu. Mama mkwe, Mama Specioza, yuko katikati, peku, anaburuza miguu kuugeuza. Natalia kibarazani anapeta. Akaacha kupeta. Akanitazama. Nikaona wakati ndio huu. Nikapandisha sauti mpaka mwisho.

Ubeti wa kwanza ulipita salama. Kinanda kilipoingia na zile sauti zake nzito, nikasikia puu, halafu mlio mrefu kama mchanga unamwagwa. Nikageuka. Kioo cha nyuma hakipo. Kiko kwenye mpunga. Chenga ndogondogo, maelfu, zinang'aa juani kuliko mpunga wenyewe. Mama mkwe kasimama, mguu mmoja juu, hasogei. Kwaya inaendelea kuimba habari za upendo.

Nikazima. Mama mkwe, mguu ukiwa bado hewani, akasema karibu mwanangu, pole na safari, na kama nitaweza nimletee kandambili.

Natalia hakutoka anacheka. Kasema huo ndio mpunga wao wa kula mwaka mzima. Haiwezekani kwenda mashineni una kioo ndani. Ungo hausaidii, kioo kina uzito wa punje. Aliyekileta akitoe kwa mkono.

Jumapili, 8 Juni

Mama mkwe kaenda misani kwa bodaboda, na goti lake. Tumebaki wawili. Mimi upande huu wa turubai, Natalia upande ule, bakuli la bati katikati. Kila chenga ikidondoka bakulini inalia kidogo. Ndiyo sauti pekee iliyokuwepo.

Mwanzoni nilitaka kukimbia. Mikono ilikuwa inatafuta kitufe cha kuwasha. Halafu Natalia akaanza kuongea. Akasema goti la mama yake halitapona, ila mama hajui. Akasema akiwa Shanwe huwa anapanga asubuhi maneno ya kuniambia jioni, na jioni anayameza pamoja na ugali. Nilitaka kumjibu, lakini nilikuwa nahesabu chenga, nikaogopa kupotea hesabu. Nikanyamaza. Akaendelea. Mwishoni akasema leo nimemsikiliza vizuri. Sikuwa na habari kwamba nafanya hivyo.

Nimefurahi. Naandika wazi. Sijafurahi namna hii kwa muda mrefu, nikiwa nimechuchumaa kwa saa tatu, mgongo umekufa ganzi. Mchana akanipa kiazi cha kuchoma bila mimi kuomba. Maturubai mawili yamekwisha. Hilo ndilo tatizo. Limebaki moja.

Jumatatu, 9 Juni

Turubai la tatu linakwenda upesi mno, jioni hii litakwisha. Nimejaribu kuchelewesha. Natalia kaniuliza kwa nini nakagua punje moja mara mbili. Nikasema uangalifu.

Kazi ikiisha nitaambiwa niende. Nitarudi kwenye kikohozi changu. Sitaki. Basi nimepata mpango, na ni mpango safi kabisa.

Mama mkwe kazimwaga chenga zote chooni, lakini mimi nilibakiza chache mfukoni kwa kumbukumbu. Tatu. Baada ya chakula nilizirudisha kwenye turubai la kwanza, lile tulilokwisha kulisafisha. Pembeni kabisa, karibu na jiwe. Kesho nitaziona mimi mwenyewe, nitashangaa, nitasema kwa masikitiko kwamba inabidi turudie yote. Siku mbili zaidi, kama si tatu. Hakuna atakayedhurika, mahali napajua.

Jumanne, 10 Juni

Mahali sipajui tena.

Mama mkwe kaamka mapema, goti limempa nafuu. Nilipotoka nje alikuwa ameshaugeuza mpunga wote kwa miguu, ameanza kujaza magunia ya kupeleka mashineni. Magunia mawili yameshafungwa. Jiwe langu lipo pale pale. Chenga hazipo.

Nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria kweli, kwa muda wa gunia zima. Kisha nikamwona mama mkwe anachota kwa mikono mitupu, anaimba polepole, na kila akichota ananiambia asante mwanangu kwa kazi. Nikamfuata Natalia jikoni nikamwambia.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kamwaga magunia yote chini, kaniuliza ni ngapi. Nikasema tatu. Mama mkwe akaambiwa kwamba mimi ni mtu makini sana, nimeona vyema tukague mara ya pili. Akanibariki. Hapo nilitamani ardhi inimeze.

Chenga ya tatu tumeipata saa tisa alasiri. Wakati huo huo nikakumbuka kwamba labda zilikuwa nne.

Natalia akakaa chini katikati ya mpunga, akafunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu akawa analia kweli. Sikujua la kufanya, nikaendelea kutafuta. Ya nne ilikuwa mfukoni mwangu.

Jioni kaongea nami kibarazani. Maneno yake nayaandika yote nisije nikayachanganya. Nirudi Mpanda kesho. Nikae peke yangu nifikirie, bila redio. Jumamosi saa kumi jioni atapanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, maana hapa uani mtandao haukamati, na atanipigia simu. Nipokee, ninyamaze, nimsikilize dakika tano tu. Nikiweza hilo, mpunga ukiisha atarudi Shanwe, na mama yake tutamchukua tukae naye. Nisipoweza, basi, kila mtu abaki alipo. Nikamuuliza kama ni lazima kichuguu, goti la mama halitaki mtu wa karibu? Akasema Telesphor, dakika tano.

Jumatano, 11 Juni

Nimevuka hifadhi bila kioo cha nyuma. Mbung'o waliingia kama abiria waliolipa nauli. Nimevimba sikio, shingo na kope. Safari hii sikumwongelesha hata mmoja.

Alhamisi, 12 Juni

Nyumba iko kama nilivyoiacha. Nimekaa bila redio mpaka saa nne asubuhi. Nimefikiria sana. Saa ya ukutani ina kelele, sikuwahi kujua. Kiti cha Natalia nimekigeuza kielekee ukutani, halafu nikakirudisha.

Melkior kaona gari. Kaguna tu. Kioo kingine hakipo Mpanda nzima, mpaka kiagizwe. Akashauri nibane nailoni nzito kwa muda, ile ya kufunikia vitalu vya miche. Nimeibana vizuri, na gundi, na utepe. Iko imara. Unaigonga, inatuna, inarudi.

Nikaitazama kwa muda. Nailoni haina pembe yenye jeraha. Nailoni haimwagiki.

Ijumaa, 13 Juni

Edgar kaongeza sabufa ya pili. Kapita nayo mara mbili mbele ya nyumba yangu, vioo wazi, anapunga mkono. Aneth akatoka getini.

Nimempelekea Melkior baiskeli na tairi langu la akiba, tukabadilishana. Nami sasa ninazo mbili. Za kwangu zinatazamana. Kaniuliza mara tatu kama nimesikia alichonieleza juu ya masikio. Nikamwambia nimesikia.

Jumamosi, 14 Juni

Siku yenyewe. Nimeoga. Nimevaa shati la Jumapili, ingawa simu haioni shati. Tangu saa tisa nimekaa garini, kwa sababu ndani saa ya ukutani inanitia wazimu. Simu nimeiweka mbele, juu ya dashibodi, nisije nikaikosa. Nimefanya na mazoezi ya kunyamaza. Dakika tano si nyingi. Nimefika mpaka mbili.

Ikafika saa kumi kasorobo. Kimya kikawa kizito. Nikaona nijaribu zile sabufa kidogo, wakati usogee tu, halafu nizime.

Zimekubali! Nailoni ikatuna, ikarudi, ikatuna, ikarudi. Haikuachia popote. Vioo vya milango vilitetemeka lakini vimebaki. Bati la choo likaanguka. Edgar akatoka, akasimama getini kwake mikono kiunoni, na Aneth nyuma yake kaziba masikio. Nimemshinda. Nikaurudia wimbo wa kwaya tangu mwanzo, ili aelewe kwamba nimemshinda.

Nilipozima simu haikuwepo juu ya dashibodi. Mtikisiko uliisukuma, nimeikuta chini ya kiti. Natalia kapiga mara tatu. Saa kumi na dakika mbili. Saa kumi na dakika sita. Saa kumi na dakika kumi na tano.

Nimepiga. Hapatikani. Atakuwa ameshashuka kichuguuni. Nimepiga tena mara kumi na moja.

Sasa ni saa moja. Edgar na mke wake wanakula, nasikia vijiko. Nimekaa humu humu garini, mgongo umekufa ganzi kama siku ile ya mpunga, ila upande ule wa turubai hakuna mtu.

Lakini nimetafakari, na tatizo nimeliona. Kichuguu. Mwanamke hawezi kupanda kichuguu kila akitaka kuongea na mume wake. Kesho alfajiri naondoka. Nikiwasha zote mbili tangu Kibaoni, atanisikia kabla sijafika, wala hatahitaji kupiga simu.