Binti Yangu Kunyimwa Ndege kwa Sababu ya Kiingereza

Kwa Mkuu wa Idara ya Kuajiri Marubani,
Shirika la Ndege.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watumishi wote wa ofisi yako. Sisi hapa nyumbani tu wazima wa mwili tu, kwingine ndiko kunakonifanya nishike kalamu.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, na ndimi niliyemzaa yule msichana mrefu aliyekuja kwenu mwezi uliopita kuomba kazi ya urubani msaidizi. Utamkumbuka, maana aliposhika mlango aliwasalimia wote mmoja mmoja, mpaka mlinzi. Mtihani wa hali ya hewa alifaulu. Wa injini alifaulu. Wa ramani aliongoza. Daktari wenu alimpima macho na moyo akasema hajaona kifaa kizima kama kile mwaka huu. Kisha mkampa karatasi yenye mstari mmoja: Kiingereza chake ni daraja la tatu, na ninyi mnataka la nne.

Tangu siku hiyo mtoto hasemi. Anakaa nami dukani akishona vifungo, na juzi kanishonea vifungo vya koti kwenye blauzi ya mteja. Baba yake, ambaye ni fundi wa friji, alikwisha kuwatangazia wateja wake wote kwamba binti yake ni rubani, na sasa anaingia majumbani mwao kwa mlango wa nyuma. Nimevumilia wiki tatu. Manung'uniko yangu ni haya:

1. Mtahini wenu, mama mmoja mwenye miwani, alimwonyesha picha ya mzee ameketi kwenye benchi na mbwa wake, akamtaka aieleze kwa dakika mbili. Mheshimiwa, katika ndege kuna benchi? Kuna mbwa? Na tangu lini msichana aliyelelewa akaanza kumsema mtu mzima asiyemjua, mbele ya wageni? Alijibu kwa kifupi kwamba mzee hajambo. Mkaandika: hana msamiati.

2. Kisha akavishwa vipokea sauti mbele ya kompyuta, akaambiwa ajifanye yuko angani na injini moja imezimika, aombe msaada kwa mnara wa kuongozea ndege. Binti yangu akausalimia mnara. Akauuliza umeamkaje, watu wa nyumbani hawajambo, na kazi inaendeleaje. Mama mwenye miwani, ambaye ndiye aliyekuwa mnara, hakuitikia, naye binti akadhani hakusikika, akamsalimia upya tangu mwanzo. Ripoti yenu inasema kufikia hapo ndege ingekuwa imeshafika chini bila msaada wa mtu yeyote. Mimi nasema huyu hakuanguka Kiingereza, aliangushwa kwa adabu yake. Kwangu mtoto haombi hata chumvi kabla ya kusalimia.

3. Mkamuuliza kama ndege yake ndiyo inaondoka au ndiyo inaingia. Akajibu kwa Kiingereza chake, "Nakuja." Hili limewashangaza nini? Kwetu mtu akitoka kwenda dukani huaga kwa kusema nakuja, huku kinachoonekana ni kisogo chake, na sote tunaelewa.

4. Saa. Hapa ndipo nilipokosa usingizi wa mchana. Mlimwambia ndege inaondoka saa moja asubuhi na safari ni ya saa moja, je, itatua saa ngapi? Itatua saa mbili, hata friji za mume wangu zinajua hivyo. Akaichukua ile mbili yake kama ilivyo akaitia kwenye Kiingereza, na kwa Kiingereza mbili ya asubuhi ni saa nane ya usiku. Mkaandika kwa wino mwekundu kwamba rubani huyu atatua saa tano kabla hajaondoka. Sasa, Mheshimiwa, mimi na wewe tuseme ukweli. Ndege zenu zinalalamikiwa kwa kuchelewa tangu nikiwa msichana. Amekuja mtu wa kuwafikisha abiria kabla hawajaondoka, ninyi mnamrudisha nyumbani!

5. Sare nimeshashona. Shati jeupe, kola ngumu, mistari minne ya dhahabu kila bega. Mume wangu alinishauri nianze na miwili, kwa kuwa ndiyo kwanza anaajiriwa, lakini mimi nguo nikishaipiga pindo siifumui. Sasa imevaliwa na sanamu ya dirishani. Mteja mmoja ameshaagiza tatu kama hiyo kwa ajili ya wanawe kwenye harusi, kwa hiyo mtaani kwetu mwezi ujao watakuwapo marubani watatu wasio na leseni, na mwenye leseni atakuwa ndani anashona vifungo.

Sikuandika ili kulaumu tu. Nimekaa na familia tukashauriana, na ninaleta mapendekezo.

Kwanza, mtihani ufanywe kwa Kiswahili. Mkisema mnara hauelewi, basi mnara ufundishwe. Nitakuja mwenyewe kila siku nikishafunga duka, tutaanza na shikamoo na marahaba, na ndani ya mwezi mmoja watakuwa wanajua kuuliza habari za safari. Marubani wa nchi za mbali wakipita juu yetu nao watajifunza humo humo njiani.

Mkiliona hilo ni zito, mwekeeni mkalimani. Yupo kaka yangu, mjomba wake mtoto, aliyefungua milango ya hoteli kubwa kwa miaka kumi na minne. Kiingereza chake ni cha kukaribisha watu, kuwaaga na kubeba mizigo, na sioni kitu kingine kinachofanyika kwenye ndege. Tatizo lake ni kwamba anaogopa urefu. Hata ngazi ya kubadilishia balbu hapandi. Kwa hiyo yeye atabaki chini na simu, mtoto atampigia kutoka angani, naye atapanda baiskeli kwenda kuueleza mnara.

Na kama hilo nalo halifai, mpeni njia isiyohitaji Kiingereza. Aruke kutoka hapa, azunguke juu ya hapa, atue hapa hapa. Abiria hawatapotelewa na mizigo, hawatachelewa kufika kwa kuwa hawakwenda mahali, na mama zao watawaona kwa macho tangu wanaondoka mpaka wanashuka. Mimi binafsi ningepanda ndege hiyo kila Jumapili.

Nakuomba unijibu upesi, kabla mwanangu hajazizoea cherehani. Nisalimie mama mwenye miwani, wahasibu, wanaofagia ndege, na rubani yeyote utakayekutana naye kwenye korido. Mume wangu anasema kama ofisini kwenu friji haigandishi vizuri atakuja kuiangalia.

Wako mtiifu, mwenye uchungu wa mzazi,
Fundi Cherehani, Mama Rubani.

Nyongeza, baada ya kutia sahihi:

Binti ameisoma barua hii nilipokuwa natafuta bahasha. Nilidhani atacheka. Alikaa kwenye stuli ya wateja, akazungumza kwa mara ya kwanza tangu majibu yatoke. "Mama, mengine yote ni kweli," alisema. "Lakini mwishoni mnara uliniambia nibaki pale pale juu nilipo. Mimi nikaelewa nishuke. Chini yangu kulikuwa na ndege nyingine."

Nikamwambia ilikuwa kompyuta tu. Akasema anajua, lakini kompyuta ilionyesha idadi ya abiria, mia moja na kumi na wawili, na kila akishona kifungo anahesabu mmoja.

Kumbe pia anasoma Kiingereza kwa muda wa saa mbili kila jioni, kwa yule yule mama mwenye miwani, ambaye ndiye aliyejitolea kumfundisha.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, msimchukue. Mtahinini tena baada ya miezi mitatu, na akikosea mfelisheni, ila mwambieni taratibu. Halafu Alhamisi mama yangu mzazi anapanda ndege yenu kwenda kutibiwa macho. Nakuomba kwa heshima zote apewe rubani mwenye Kiingereza cha daraja la sita, lile la juu kabisa, asiyesalimia mtu.

Ningeichana barua hii, lakini stempu nimeshaibandika na imegoma kubanduka.