Dakika Kumi za Vumbi Jekundu

Jumatano, 6 Agosti
Tumepata! Vumbi Jekundu watapiga Jumamosi kwenye shoo ya vijana hapa Voi. Dakika kumi nzima! Promota anatoka Mombasa kuchagua bendi moja ya tamasha la Desemba. Pop na roki, nyimbo zao wenyewe, kampuni ya kurekodi hawana. Abby anaimba na gitaa, Mwandawiro besi, Risper dramu. Mimi meneja. Hawakuniajiri, lakini lazima mtu awe meneja.

Alhamisi, 7 Agosti
Mtangazaji wa shoo ni Vincent! Yule yule aliyesahau kunitaja kwenye harusi ya dada yangu. Nikamwambia bendi hii nitaitambulisha mwenyewe. Akasema sawa, mradi dakika zibaki kumi. Nimemweza! Abby akauliza nitaongea muda gani. Dakika moja tu, Abby, usijali.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimejipima muda wa utambulisho mbele ya kioo. Dakika nne, na bado sijafika kwa wazazi wa Risper. Babake Mwandawiro ni katekista, haachwi. Chifu je? Ukimruka chifu, kibali mwaka ujao utaomba kwa nani? Nitasoma haraka.

Jumamosi, 9 Agosti
Wueh, uwanja ulijaa! Nikasema itifaki imezingatiwa, halafu nikaizingatia tena jina kwa jina. Chifu akapunga mkono. Nikamwomba aseme neno moja. Akasema mengi. Mamake Risper akaomba tuanze na sala. Ningekataaje? Risper alikuwa akinidunga mgongoni na kijiti cha dramu. Nikadhani ananipongeza. Nilipotaja Vumbi Jekundu, watu walipiga kelele mpaka nikainama kuwashukuru! Abby akagusa nyuzi mara moja. Vincent akazima spika. Dakika kumi zimeisha, akasema.

Jumapili, 10 Agosti
Wamenifukuza. Abby alilia. Akasema wimbo waliotaka kupiga umemchukua miaka miwili, na mimi nimempa chifu nafasi yake. Niliumia, haki ya Mungu. Kosa la Vincent.

Jumatano, 13 Agosti
Bendi imeenda Taveta siku ya soko, bila mimi! Nikawafuata, nikajificha nyuma ya mikungu ya ndizi. Walianza tu! Hakuna salamu, hakuna sala! Akina mama wakaacha biashara wakacheza. Waliovuka mpaka kutoka Holili, Tanzania, pia. Nilitokwa na machozi ya furaha. Mama mmoja, Loice, akaniuliza hawa ni akina nani. Nikaanzia kwa babu yake Mwandawiro. Nilipofika kwa Abby, Loice alikuwa ameshaniacha akaenda kucheza.

Ijumaa, 15 Agosti
Wamechukuliwa! Mtu alirekodi ile shoo ya Taveta, promota akaiona. Desemba, Mombasa, dakika ishirini! Nimeruka mpaka nikaangusha kiti. Abby amenisamehe. Naweza kusafiri nao, ila nimeapa mbele ya wote watatu kwamba sitagusa maikrofoni.

Sitaigusa. Nimeshaazima spika ya mkononi ya muuza dawa ya panya wa stendi. Inasikika mpaka ng'ambo ya reli! Nimeandika kurasa kumi na moja za utambulisho, na ndiyo kwanza nawafikia majirani.