Kibaba cha Batuli

Mtu mzima akionekana ameinama nyuma ya hoteli ya stesheni, anaokota vifuniko vya chupa za bia na kuvipangusa kwa leso, watu wengi wa Tabora humwonea huruma. Raymundi alipomwona alimshukuru Mungu, kwa kuwa mtu huyo alikuwa Mzungu, viatu vyake vilikuwa vipya, na mkononi alikuwa amevaa saa.

Saa ndiyo iliyokuwa ikimnyima Raymundi usingizi. Tangu mwaka jana alikuwa akimposa Getruda, binti wa mzee Nikolaus, katekista wa Goweko, kijiji kilicho kwenye reli ya kwenda pwani. Kornel naye, mkulima wa tumbaku na mtama wa huko huko, alikuwa akimposa huyo huyo. Mzee Nikolaus aligonga kengele ya kanisa kwa kutazama jua, na siku za mawingu kwa kubahatisha, hata Padre akawa hana uhakika kama waumini wamechelewa au yeye ndiye amewahi. Basi akawaambia wachumba wote wawili: "Atakayeniletea saa, huyo ameijua shida yangu. Jumapili nitatoa jibu."

Hiyo Jumapili ilikuwa keshokutwa. Kornel alikuwa na ng'ombe, lakini ng'ombe hajui saa tatu wala saa nne. Raymundi alikuwa na mdomo. Mdomo huo ndio uliomlisha tangu alipohamia mjini, ambako alikuwa dalali wa kila kitu kisicho chake.

"Bwana, hivyo ni vya juzi tu," alimwambia yule mgeni kwa adabu. "Mtu kama wewe anastahili vitu vya kale."

Mgeni akainuka. Aliitwa Lambert, Mbelgiji, aliyeshuka asubuhi na treni ya Kigoma na kungoja ya jioni iendayo pwani. Kiswahili alikijua, kile cha Kongo, chenye kuruka sarufi pale inapomchosha. Alieleza kwamba kila nchi anayopita hutazama mji, kisha hutafuta vitu vya bia: lebo, vifuniko, sinia za matangazo, bilauri. Nyumbani kwao ana chumba kizima cha vitu hivyo, ila mke wake hakanyagi humo.

"Umefika penyewe," alisema Raymundi. "Tabora ndiyo mama wa bia. Misafara yote ya zamani, unafikiri ilikuwa inasimama hapa kwa ajili ya nini?"

"Kwa pembe za ndovu, mi nasoma hivyo."

"Waandishi waliona haya, Bwana."

Hapa haki inataka tumtetee kidogo. Raymundi hakuwa mwongo wa kuumiza mtu. Aliona tu kwamba ukweli humkuta mgeni akiwa amechoka, nao huwa mfupi, basi akamwongezea.

Akamtembeza. Kwenye boma la Wajerumani alimwonyesha dirisha ambalo, kwa maelezo yake, mapipa yalikuwa yakiteremshiwa. Kwenye tembe la Kwihara alimweleza namna wapagazi walivyolala hapo miezi, si kwa uchovu wa safari bali kwa utamu wa pombe ya wenyeji. Lambert alicheka, akapiga picha, akacheka tena. Kila walipopumzika, Raymundi alitoa kitu kwenye mfuko aliobeba.

"Lebo hii ni ya wakati wa Vita ya Kwanza."

Lambert akainusa. "Gundi yake bado bichi."

"Joto la hapa, Bwana, halikaushi gundi."

"Na hii sinia?"

"Matundu hayo ni ya risasi."

"Hii ni matundu ya msumari," alisema Lambert kwa upole, akamrudishia.

Jua likaanza kuinama, na saa ilikuwa bado iko kwenye mkono wa Mzungu. Raymundi, akiwa ameishiwa historia, akampeleka mtaa wa Ng'ambo kwenye kilabu cha Batuli, angalau apate kufikiri akiwa amekaa.

Batuli alikuwa Mzaramo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mbali, aliyezaliwa Tabora na baba wa relini. Pombe yake ya mtama ilisifiwa hadi Tura. Juu ya gunia la kimea, kando ya mtungi, kulikuwa na kikombe kirefu cha udongo mgumu, cha kijivu, chenye kifuniko cha bati na maandishi ya buluu. Hicho ndicho kilikuwa kibaba chake. Marehemu mama yake alipimia kimea kwa hicho, naye akaendelea.

Lambert alikiona, akageuza uso upesi, akaanza kuusifia mtungi. Aliusifu mno. Raymundi aliijua kazi hiyo, maana ni yake. Mtu hausifu mtungi huku macho yanarudi kwenye gunia.

"Mama Batuli, kibaba hiki niuzie," alinong'ona.

"Hakiuzwi. Nikipima kwa kingine pombe inachacha, wateja wanahama. Kaa unywe."

Raymundi akawaza kidogo, kisha akatabasamu. Yeye Mnyamwezi, Batuli Mzaramo, na makabila hayo ni watani tangu babu zao walipopishana kwenye njia ya misafara. Mtani akichukua kitu chako mbele ya watu, unacheka. Ukitaka kirudi, unakikomboa. Ukikasirika, umejiaibisha wewe na ukoo wako. Akakinyanyua kibaba juu wakione wanywaji wote.

"Mtani, nimechukua."

Kilabu kizima kikaangua kicheko. Batuli naye alicheka, kwa sababu hakuwa na njia nyingine, lakini mkono wake ulibaki umeshika gunia la kimea kama ambaye hajui atapimaje kesho.

"Chukua, mbeba mizigo wee. Babu yako alibeba pembe mpaka kwetu akarudi na shanga, leo mjukuu anabeba kikombe."

Nje, Raymundi alisimulia jinsi ofisa wa Kijerumani alivyokinywea kikombe hicho usiku wa mwisho kabla ya kuukimbia mji, akilia.

"Kina ufa," alisema Lambert.

"Ufa wa huzuni, Bwana."

"Kifuniko nalegea."

"Kikombe cha bia chenye kifuniko kigumu kilimilikiwa na mtu asiyekunywa. Ungekitaka hicho?"

Lambert akatoa noti. Raymundi akazitazama kwa masikitiko ya mtu aliyetukanwa, akanyoosha kidole kwenye saa. Mbelgiji akaivua upesi sana, upesi kuliko inavyopendeza katika biashara.

Treni ilipoanza kutembea, Lambert alitoa kichwa dirishani, uso umemwiva kwa furaha. "Rafiki, ulinidanganya mchana mzima, lakini hii ni ya kweli. Kiwanda chake kilikufa zamani. Natafuta miaka mingi."

Raymundi akampungia mkono. Hakujali kama ameuza rahisi. Saa ilikuwa ikisema tik-tik kwenye mkono wake, na yeye tayari alikuwa akimsikia mzee Nikolaus akimwita mwanangu.

"Mtani, hebu lete mkono."

Alikuwa Batuli, na nyuma yake nusu ya wanywaji wa kilabu. Akaushika mkono wa Raymundi mbele ya wapagazi, wauza karanga na abiria, akafungua mkanda wa saa taratibu.

"Nimechukua."

"Mama Batuli, hiyo si ya utani. Hiyo ni ya posa."

"Na kibaba kilikuwa cha nini? Kilikuwa cha kula yangu. Haya, nani amekasirika hapa?"

Watu wote wakamtazama Raymundi.

"Hakuna aliyekasirika," alisema.

"Vizuri. Niletee kibaba changu, ukomboe."

Na kibaba chake wakati huo kilikuwa ndani ya treni, kikielekea Goweko. Raymundi akacheka kama desturi inavyotaka. Kilikuwa kicheko kigumu.

Jumapili alikwenda Goweko na mdomo wake mtupu. Mbingu ilikuwa na mawingu mazito, lakini akiwa bado njiani alisikia kengele ikigongwa bila kusitasita, akakisia. Baada ya misa akaiona saa kwa macho, mkononi mwa mzee Nikolaus. Kornel alikuwa amepeleka mtama wake kwa Batuli Jumamosi, kama ilivyo kawaida yake, akaiona saa inaning'inia kwenye msumari. Aliacha mtama wote uwe malipo, akaondoka na saa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona?" Mzee Nikolaus alinyoosha mkono mbele ya wazee waliokusanyika.

"Nimeiona. Saa nzuri sana." Kusema ni yake kungehitaji kueleza aliipataje, na hapo palikuwa uani kwa katekista.

"Sasa tuna shida. Kornel amekaa pale tangu asubuhi hajatoa neno, na mshenga wake ana homa. Posa haijibiwi kama haijasemwa. Wewe Mungu amekupa mdomo. Msemee mwenzako."

Raymundi akamtazama Getruda aliyesimama mlangoni pa jikoni. Alimpenda kweli. Katika maneno yake yote ya mwaka mzima hakuwahi kulisema hilo, kwa kuwa lilikuwa kweli, na kweli hakuizoea.

Akasimama. Alisema kwamba kuna mwanamume hapa anayejua thamani ya msichana huyu. Haoni uzuri wake tu. Anaijua sauti yake akiimba misa, na namna anavyomkatia baba yake nyama vipande vidogo kwa sababu ya meno. Kwamba mwanamume huyo si tajiri wa chochote, ila akipewa yeye atatulia. Kornel alikuwa akitikisa kichwa kukubali, huku anashangaa jinsi moyo wake ulivyo mzuri.

Posa ikakubaliwa. Getruda akaleta maji, akapiga goti mbele ya msemaji kumpa kikombe, akasema chini chini:

"Ungesema hivyo mwaka jana, baba asingeomba saa."

Raymundi akanywa maji yote, akaomba mengine.