Korongo Yenye Kutembea kwa Miguu

Siku ya Pili, 1 Aprili 1997
Nimeokota ndege korongo, imeshakufa! Pale shamba, Annexe, kando ya muji, juu ya kaburi ya mume wangu. Kwa mugongo, kasanduku kadogo na kawaya. Nimekafungua, nikakaficha. Profesa Onésime, mwenye kuhesabu ndege, alishatuambia: satelite, ile mashini ya juu, inaona kasanduku, Bazungu banatuma namba za fasi iko kwa fonie, ile redio ya bapadri. Fasi korongo inapumzika juma nzima, chefu atakataza kukata miti. Na jirani Martine iko anamaliza pori kwa kuchoma makala! Imebaki miti kumi na moja tu, ya kaburi.

Siku ya Ine, 3 Aprili
Nimefunga kasanduku kwa mugongo ya bata wangu, na kipande cha kitenge. Anazunguka kaburi. Muzuri sana! Martine akauliza bata anaenda masomo gani na ile begi. Nikamujibu: masomo ya kufunga kinywa.

Siku ya Posho, 5 Aprili
Profesa anafurahi: korongo imeshakaa siku mbili kaburini. Bado tano!
Askari ya serikali banakimbia baasi. Mumoja, mwenye kuchechemea, ameomba maji. Nikamugombeza: bunduki uko nayo, viatu hauna? Nikamupa viazi. Ameenda. Ameiba na bata! Na kasanduku! Nikamulaani kwa barabara: usifike fasi unaenda.

Siku ya Tatu, 9 Aprili
Baasi bameingia mujini. Kimya. Hata mbwa hailie. Profesa amekuja na karatasi ya fonie. Korongo iko barabara ya Kasenga. Hairuke. Inatembea, pole pole, kama muntu. Anasema ndege haifanye hivi. Nikakumbuka ule askari mwenye kuchechemea. Nikasema labda imechoka. Martine akafanya alama ya musalaba: ni muzimu wa mume wangu, amechoka kunisikia. Mujinga!

Siku ya Posho, 12 Aprili
Profesa anasema korongo imesimama Kasomeno, kwa ile barabara. Siku mbili haisogee. Nikauliza kama iko inakula. Profesa anasema satelite haione kula.
Niliketi kaburini. Nikasikia ta-ta-ta-ta. Bunduki? Hapana. Korongo ya kweli, yenye uhai, inagonganisha mudomo. Kwa mugongo hakuna kitu. Imesimama kwa muguu moja. Iliniangalia sana.

Siku ya Mungu, 13 Aprili
Leo ziko arobaini. Zimejaa miti yote kumi na moja, kimya, zinaniangalia. Hata moja haina kasanduku! Satelite itazionaje? Faida gani? Nimezifukuza na mawe.
Mara Profesa huyu hapa. Anasema karatasi imepata wazimu, sasa anakuja kuhesabu na macho. Akatazama miti. Akaandika: sufuri. Pale Martine iko ananoa shoka, anaimba.
Basi. Kesho naenda Kasomeno kutafuta kasanduku. Safari hii nafunga kwa mbuzi. Na mwenye kuiba mbuzi, najua lile neno la kumuambia: usifike.